Binti Asiyefungiwa Mlango

Kiranjeranje,
2 Machi 2024

Kwa wifi yangu Salima,

Assalaam alaykum. Shikamoo wifi. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Lindi na kifua kimeacha kukubana. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, analia kidogo kuliko wiki iliyopita. Mimi nipo kama mtu wa eda anavyokuwa: nimekaa. Tangu tumzike kaka yako Nurdin leo ni siku ya kumi na tisa. Miezi minne na siku kumi ukiisikia kwa mwenzio ni fupi, ikikufika mwenyewe unahesabu hadi mijusi ya darini.

Sukari, sabuni na kitabu nimevipata. Josephat konda aliviacha kwa Romana wa maandazi pale barabarani, na Romana akavileta hadi uani. Barua ziendelee kupita hapo, maana simu yangu mama ameiweka kwenye sanduku lake. Anasema mjane mwenye simu ni sawa na mjane aliyekaa barazani. Hakunisemesha kwa ubaya. Mama yako hanisemeshi kwa ubaya hata siku moja, na hilo ndilo linalonichosha, maana nikitaka kukasirika sipati pa kushika.

Sasa hicho kitabu chako. Mimi si msomaji, unanijua, mara ya mwisho kumaliza kitabu ilikuwa kidato cha pili na ni kwa sababu ya mtihani. Nimefika sura ya nne na nina ugomvi na mwandishi. Mumiani niliyemjua mimi tangu utoto ana gari jekundu, anakamata watu njiani na kuwatundika miguu juu. Huyo anaeleweka, ukimwona unakimbia. Lakini huyu Bi Rukwia wa kitabuni ni mumiani gani? Bibi mzee, msafi, anayeswali. Anamwajiri binti Zena, anamlisha maini na mchicha, na kila Ijumaa anamchoma kidole kwa mwiba wa mlimao, anajaza damu kikombe kimoja cha kahawa, anakunywa, kisha anamwambia ahsante mwanangu. Hana meno marefu wala nini. Nilisoma hapo mchana kweupe na bado nikahamisha mkeka nikae karibu na dirisha.

Nitakimaliza, sina safari. Eda ikiisha narudi Kikole kwa baba. Cherehani yangu iko kule, na mimi na Nurdin tulishakubaliana nishone sare za shule. Nisalimie Joyce na wote wa dukani.

Wifi yako,
Mwanaima


Lindi Mjini,
14 Machi 2024

Wifi Mwanaima,

Waalaykum salaam na marahaba. Ramadhani karimu kwako na kwa mama. Kifua kimepoa, nakohoa asubuhi tu. Dukani daftari zinatoka, tajiri wangu Joyce anachekacheka, hivyo sina la kulalamika.

Nilisahau kukwambia kwamba kitabu hicho mimi mwenyewe sikukimaliza. Nilikinunua stendi kwa mtu wa mitumba, nikafika sura ya saba, nikakirusha chini ya kaunta. Sikurusha kwa woga, usinicheke. Nilirusha kwa hasira. Utafika hapo: Zena anagundua kila kitu, anakwenda mlangoni, anaufungua, anaiona barabara na watu wanapita, halafu anarudi ndani kukiosha kile kikombe. Wifi, nilitaka nimchape. Hilo ni kosa la mwandishi. Mtu akijua ananyonywa na mlango hauna hata komeo, anatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini nguo si unaivua?

Basi wewe msomaji wa kulazimishwa soma hadi mwisho, uniambie kama yule mjinga alitoka.

Haruna atakuja kufunga huko na nyinyi, nimemwambia mdogo wangu asimwache mama peke yake mwezi huu. Mtunze mama, wifi yangu. Wanawe tuliobaki ni wawili tu, mimi na Haruna, na sote tuko mbali. Wewe ndiye uliye karibu.

Wifi yako,
Salima


Lindi Mjini,
18 Aprili 2024

Wifi yangu, mama kijacho,

Assalaam alaykum, na Idi njema hata kama imepita. Umenyamaza mwezi mzima na sasa najua kwa nini! Mama amenipigia jana analia, nikadhani msiba mwingine, kumbe furaha. Amesema hakutaka kutangaza haraka, alikuwa anakuangalia tu kimya kimya, na wewe umefunga thelathini zote, hukula hata siku moja. Mwanamke gani mzima anafunga thelathini bila siku zake kumkatisha? Ameniambia alilisema siku ya Idi mbele ya wanawake wote, na wewe ukainamisha uso kwa haya.

Mwanaima, sijui niseme nini. Nilikaa kwenye gunia la chaki nikalia hadi mteja akaondoka. Mimi niliyepewa talaka kwa kukosa mtoto, leo nina mtoto wa Nurdin. Nimeshanunua kanga mbili laini za kumfungia, za rangi ya maziwa. Najua inamaanisha eda yako itaendelea hadi ujifungue, lakini wewe si mtu wa kutangatanga. Kaa, ule, unenepe. Mama anasema Haruna yupo, mtoto hatakosa baba, ila hayo ni ya baadaye.

Andika haraka. Unatamani nini nikutumie?

Shangazi wa mtoto,
Salima


Kiranjeranje,
29 Aprili 2024

Wifi Salima,

Assalaam alaykum, shikamoo. Mvua huku hazikatiki, nyanya za Romana zimeoza zote shambani. Mama mzima. Mimi nala vizuri.

Kitabu nimekimaliza, nimerudia tena kuanzia sura ya saba. Nina maoni tofauti na yako. Wewe unasema ni kosa la mwandishi. Mimi naona pale ndipo alipoacha kutunga. Mwanzoni ananitisha kwa paka weusi na taa kuzimika, mambo ya watoto, na picha ya jalada ni ya kuaibisha, mwanamke mwenye kucha kama uma. Lakini kuanzia pale mlangoni hanitishi tena kwa kitu chochote, na ndipo nilipoogopa. Zena anajiuliza, nikienda atakula nini? Maneno matatu tu. Halafu anakuwa na mazoea, Ijumaa ikifika yeye mwenyewe ndiye anayekwenda kuuchuma mwiba.

Umeniuliza kama alitoka. Hakutoka. Sura ya mwisho Bi Rukwia anakuwa kijana kidogo, nywele zinarudi kuwa nyeusi, na Zena anafurahi kwa ajili yake. Amefurahi kweli, wifi. Nilikifunga nikakiweka chini ya godoro, kisha nikakitoa nikakipeleka stoo, sikutaka kulala juu yake.

Sikipendi, na simshauri mtu akisome. Lakini binti yule usimwite mjinga.

Wifi yako,
Mwanaima


Lindi Mjini,
9 Mei 2024

Wifi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima.

Nimesoma barua yako mara tatu, nimemsomea na Joyce. Nimekuuliza habari za mimba, wewe umenijibu habari za kitabu. Hukuandika hata neno moja, si kichefuchefu, si unatamani nini, hukuniita hata shangazi. Mimi sijazaa lakini sikuzaliwa jana.

Kama kuna kitu kinakuuma niambie. Unaumwa? Haruna amekukosea adabu? Nenda zahanati kwa Nesi Veronika, eda haizuii matibabu, hata shehe atakwambia hivyo. Mimi ni mtoto wa mama lakini pia ni wifi yako, na siri yako haijawahi kunitoka mdomoni.

Salima wako


Kiranjeranje,
20 Mei 2024

Wifi Salima,

Assalaam alaykum, shikamoo. Niombee msamaha kwa Mungu kabla hujaendelea kusoma.

Sina mimba. Sikuwa nayo hata siku moja.

Katikati ya Ramadhani nilipata siku zangu kama kawaida, siku sita. Haruna alikuwa ameshafika. Unaijua nyumba yenu, vyumba viwili vidogo na sebule na jiko la uani, mtu akitafuna karanga wote wanajua. Nikaona haya. Ningekulaje mbele ya shemeji, mjane wa mwezi mmoja? Nikashinda na njaa, jioni nikafuturu nao kama aliyefunga. Swala nilikuwa naswali chumbani kwangu peke yangu, kwa hiyo siku hizo nilikaa tu juu ya mkeka mlango umerudishwa. Kila mwanamke ameshafanya hivyo, hata wewe. Haikuwa dhambi, ilikuwa haya tu.

Halafu siku ya Idi mama akasimama katikati ya wanawake, akanishika tumbo, akasema thelathini zote. Wifi, alicheka. Tangu Nurdin atolewe chini ya lile lori sikuwa nimeyaona meno yake. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa ameamka alfajiri kununua maini. Kesho kutwa akaleta udongo, vile vidonge vya kuliwa na wajawazito, akaniketisha nivitafune mbele yake. Mimi udongo unanitapisha, na nilipotapika akafurahi zaidi.

Kwa Nesi Veronika siwezi kwenda kwa sababu mama atanisindikiza. Akipima, mama ataambiwa pale pale benchini na watu wanasikiliza. Nikinyamaza, eda haiishi, maana inangoja mtoto ambaye hayupo. Nikisema, nimemwua Nurdin mara ya pili, na mara hii kwa mdomo wangu. Kila siku nikikaa kimya kesho yake inakuwa ngumu zaidi. Nimekonda mikono, yeye anasema mtoto anachukua damu.

Niambie la kufanya. Nitafanya utakalosema.

Mwanaima


Kiranjeranje,
27 Juni 2024

Wifi Salima,

Assalaam alaykum. Wiki tano sijapata neno lako. Josephat ananiapia kwamba bahasha alikukabidhi mkononi. Sikulaumu. Natumaini u mzima.

Nimemwambia mama. Ilikuwa tarehe kumi na tisa, siku ambayo miezi minne na siku kumi ilitimia. Adhuhuri alitandika mikeka miwili, siku hizi hapendi niswali peke yangu. Nikabaki nimesimama mlangoni.

"Njoo, wakati unapita," akasema.

"Siswali leo, mama. Niko kwenye siku zangu."

Hakugeuka. Aliukunja mkeka wangu taratibu, akauegemeza ukutani, akaswali rakaa zake nne bila haraka. Alipotoa salamu alibaki amekaa pale pale akitazama kibla.

"Nalijua hilo," akasema. "Tangu Ramadhani. Nilikuona ukianika vitambaa nyuma ya choo kabla ya alfajiri."

Nikamuuliza, sasa mama kwa nini?

"Kwa sababu watu walikuwa wanakuja kunipa pole, na pole inamalizika, mwanangu. Siku arobaini watu wanaacha hata kumtaja. Nilipowaambia una mimba wakaanza kumtaja tena. Wakawa wananiuliza habari zake kama mtu aliye safarini."

Tulilia sote wawili, sikufichi. Akanishika mkono akasema, "Mlango huo hapo, sijaufunga. Eda yako imekwisha, nenda kwa baba yako. Ila leo usiende, nimeshapika wali."

Hiyo ilikuwa siku nane zilizopita. Kesho yake alikuwa na homa. Siku ya pili alisema tungoje mbaazi zikauke nimbebee baba. Jana alinirudishia simu mwenyewe, haina chaji, nami sijaipeleka kuchajiwa. Watu bado wananiita mama kijacho na yeye anaitikia, na mimi naitikia. Nguo zangu zimefungwa kwenye furushi tangu Jumatano ile. Kila asubuhi nalitazama, halafu namsikia anakohoa jikoni, naenda kumpulizia moto.

Sijui nina nini, wifi. Sina komeo la kulaumu.

Mwanaima


Lindi Mjini,
2 Julai 2024

Mwanaima mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Niliisoma nimesimama, nikaificha chini ya kanga zile mbili. Nilikukasirikia kama umeniibia. Nimekuandikia majibu matatu nikayachana, na lazima nikwambie la kwanza lilisema nini, maana ukinisamehe unisamehe ukijua. Lilisema kaa tu. Kaa, tutasema imeharibika, mama atazoea pole pole. Niliandika hivyo kwa mkono wangu huu. Mimi niliyemtukana mtu wa kitabuni.

Sasa sikiliza. Utapata barua hii Alhamisi. Ijumaa nitapanda gari la asubuhi, Joyce amenipa ruhusa ya mwezi mmoja. Nitashuka kwa Romana kama saa nne. Wewe uwe umesimama pale na furushi lako, mimi nikishuka wewe unapanda, gari hilo hilo linaendelea hadi Nangurukuru, na Kikole utafika kabla ya jua kuzama. Mama mwambie unakuja kunipokea. Si uongo. Tusisalimiane sana, tukikumbatiana tutalia na Josephat hangoji mtu.

Mama ni wangu. Hukupaswa kuachiwa peke yako.

Salima


Kikole,
4 Agosti 2024

Wifi yangu Salima,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Hali yangu ni njema na baba anakusalimu, anasema Mungu akulipe. Simu yako naipiga haipatikani, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Wiki ya kwanza hapa nililala tu. Nilikuwa nikiamka naogopa kwamba nimechelewa jikoni. Ufuta ndio umevunwa, watu wana vijisenti, na nimeshapata mashati kumi na mawili ya shule ya kushona kabla mwezi haujaisha. Cherehani ilikuwa na kutu mguuni, nimeipaka mafuta ya nazi, inapiga kelele lakini inakwenda. Mikono imeanza kunenepa. Mtu mmoja aliniuliza mimba imefikia wapi, nikamwambia haikuwepo, na ardhi haikupasuka.

Bado naona ile asubuhi. Ulishuka na begi dogo tu, ukanisukuma mgongoni kama mtoto anayechelewa shule. Nilipogeuka dirishani ulikuwa unanunua maandazi, hukuangalia.

Ruhusa ya Joyce ilikuwa mwezi mmoja na leo unakwisha. Umesharudi Lindi? Niandikie uniambie umerudi.

Wifi yako,
Mwanaima


Kiranjeranje,
15 Septemba 2024

Wifi Mwanaima,

Waalaykum salaam na marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mashati. Msalimu sana baba.

Nipo huku bado, kama unavyoona juu. Usiwe na wasiwasi, hakuna mtu aliyenizuia. Nilikusudia kuondoka mwanzoni mwa mwezi wa nane, mama akapata vidonda vya miguu. Vilipopona ikawa korosho zimeanza kutoa maua na nani atafyeka shamba, Haruna amerudi kwenye kibarua chake. Ni mambo ya kawaida ya nyumbani. Simu yangu kioo kimepasuka, nitaitengeneza nikienda mjini.

Mama ana afya, ungemwona ungeshangaa. Ameacha fimbo ya kutembelea. Anawaambia watu kwamba binti yake amerudi nyumbani moja kwa moja, na wanamwamini, na sijaona sababu ya kumvunjia uso mbele ya watu. Ananipikia kila siku, anasema nimekonda. Kifua kinanibana kidogo usiku, ni vumbi tu la huku.

Joyce nimemwandikia juzi. Nimemwambia aweke mtu mwingine dukani.

Unataka kuja kututazama, najua, vinginevyo usingekuwa wewe. Karibu sana, mama anakuulizia kila siku na atafurahi. Ila ukija, wifi yangu, njoo na gari la asubuhi na urudi na la mchana. Usikubali wali. Usilale.

Wifi yako,
Salima